Kipimajoto Husema Ukweli wa Pale Ulipokitundika

Tangu nianze kuweka video za kufunga vihisi vya joto kwenye nyumba za watu, swali linalojaa inboksi yangu halihusu bei. Ni hili: "Nikifunge wapi?" Wengine wanaliona swali dogo, la nyundo na msumari tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kumtishia mtu nacho. Lakini historia ya swali hili nimeisoma kuliko chochote nilichofundishwa darasani, na nawaambia watu wazima wenye akili zao wamebishana juu ya huo msumari kwa miaka 300. Jibu lake linamgusa pia yule anayelala chini ya mabati Mukuru usiku wa leo. Kaeni mkao wa kusoma.

Daniel Gabriel Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, na mwaka 1724 akatangaza vipimo vinavyobeba jina lake. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Uswidi akaleta vipimo vyake vya hatua 100. Cha kuchekesha, alivipanga kinyume: kwake maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Viligeuzwa baadaye. Kwa hiyo chombo kilikuwepo, na namba zilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu mahali pa kukiweka.

Mwaka 1723, James Jurin, katibu wa Royal Society kule London, aliwaomba watu wa nchi mbalimbali wampelekee vipimo vya hali ya hewa. Alishauri kipimajoto kiwekwe kwenye chumba kinachotazama kaskazini, chumba ambacho moto hauwashwi mara kwa mara. Ndiyo, chumbani! Kuna vipimo vya karne ya 18 ambavyo ukivisoma leo unadhani ni joto la nje, kumbe ni joto la chumba cha mzee fulani. Namba ziliandikwa kwa uaminifu kabisa, ila zilikuwa zinajibu swali lingine.

Wapimaji walipotoka nje, wengi waliganda kwenye ukuta wa kaskazini. Kwa Ulaya ilikuwa na mantiki, maana huko jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, hivyo ukuta wa kaskazini uko kivulini saa za joto kali. Shida ni kwamba ukuta nao una tabia zake. Jiwe hunywa joto mchana na kulitoa taratibu usiku, na kipimajoto kilichobanwa ukutani hupima pumzi ya jiwe. James Glaisher, mpimaji maarufu wa Greenwich, alitumia kibao kilichosimama peke yake uwanjani, wazi upande wa mbele. Kibao hicho kilipaswa kugeuzwa kwa mkono kadiri jua linavyotembea. Mpimaji akisahau kukigeuza, jua linaingia na siku imeharibika.

Aliyetuliza mzozo alikuwa mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, Thomas Stevenson, babake Robert Louis Stevenson yule mwandishi. Mwaka 1864 alieleza sanduku lake: la mbao, rangi nyeupe, kuta za vibao vilivyolala mshazari, tabaka mbili. Hewa inapita, jua na mvua haviingii. Ukipita karibu na kituo cha hali ya hewa ukaona kijisanduku cheupe kwenye miguu minne kama mzinga wa nyuki, ndicho hicho. Mpaka leo kanuni ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kipimajoto kikae karibu mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini, mahali wazi, mbali na majengo. Ukielewa hilo sanduku, umeelewa zaidi ya nusu ya kazi ya kufunga kihisi.

Sasa muone kinachotokea mtu akipuuza. Tarehe 13 Septemba 1922, kwenye kambi ya kijeshi ya Waitalia huko Al Aziziya, Libya, iliandikwa nyuzi 58 za Selsiasi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa rekodi ya joto duniani. Vitabu vya shule viliibeba, mashindano ya maswali yaliibeba. Kisha kamati ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ikafungua faili upya. Khalid El Fadli, mtaalamu wa hali ya hewa wa Libya, alisaidia kuifikia karatasi yenyewe ya mwaka 1922. Katikati ya kazi hiyo yakaja mapinduzi ya 2011, na wenzake wakakaa miezi bila kujua kama yuko hai. Alirudi, kazi ikaendelea.

Walichokuta ni hiki. Kifaa kilikuwa cha aina ya Six-Bellani, chenye vipini vidogo vinavyobaki pale joto lilipofikia, na mtu asiyekizoea angeweza kusoma ncha isiyo yake na kukosea kwa nyuzi kama 7. Mwandiko unaonyesha mpimaji alikuwa mgeni kwenye kazi. Chini ya kifaa palikuwa na uso unaofanana na lami. Mwezi Septemba 2012, miaka 90 baadaye, rekodi ilifutwa na taji likaenda Death Valley, Marekani, nyuzi 56.7 za tarehe 10 Julai 1913. Miaka 90 dunia iliamini namba ya kifaa kisichofaa, mkono mgeni na mahali pabaya. Na wewe unataka kukifunga juu ya jiko la jirani.

Mtaniuliza hii ya bila waya ilitoka wapi. Zamani, kutaka kujua joto la juu angani kulimaanisha kurusha puto lenye chombo kinachojiandikia, halafu kungoja mtu akiokote kimeanguka shambani na akirudishe. Tarehe 7 Januari 1929, Mfaransa Robert Bureau alirusha kutoka Trappes chombo kilichotuma vipimo kwa redio kikiwa bado hewani. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Januari 1930, Pavel Molchanov akarusha chake huko Pavlovsk, Urusi. Kihisi chako cha plastiki ni mjukuu wa maputo hayo. Ndani kina punje inayobadilisha ukinzani wake wa umeme kadiri joto linavyobadilika, tabia ambayo Michael Faraday aliiona kwenye madini mwaka 1833. Kila baada ya muda mfupi kinatuma namba kwa redio, mara nyingi kwenye megahezi 433, na kioo chako kilichoko ndani kinaipokea.

Huku kwetu, idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya kikoloni iliundwa mwaka 1929, makao Nairobi, chini ya Albert Walter. Miaka miwili baadaye ndege za Imperial Airways zilianza safari za London hadi Mwanza. Rubani na mlowezi walihitaji kujua anga. Hakuna aliyefunga kipimajoto ili kujua mfanyakazi wa reli analalaje Landhies. Silaumu kifaa hapo. Nasema tu kwamba vituo huenda pale mwenye pesa anapotaka jibu.

Na hili si jambo la ukoloni peke yake. Msimu wa joto wa 2015 kuingia 2016, watafiti walitundika vihisi vidogo Kibera, Mathare na Mukuru, kisha wakalinganisha na kituo cha Dagoretti, ambacho namba zake ndizo za Nairobi kwa ulimwengu. Mitaa ile mitatu ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Dagoretti haikudanganya. Iko juu zaidi, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ina nyasi na nafasi, na inapima hewa ya Dagoretti sawasawa. Lakini redio ikisema "Nairobi leo nyuzi 27", mama mwenye mtoto mchanga kwenye chumba cha mabati anaonekana analalamika bure.

Ndiyo maana nafunga vihisi. Sasa kazi yenyewe, kwa wale wa "nifunge wapi".

Kwanza, achaneni na ile kanuni ya ukuta wa kaskazini inayokuja kwenye kijitabu cha maelezo. Imeandikiwa Ulaya na Marekani. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini kwetu mwezi Machi na tena Septemba. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba jua la mchana liko kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Ukuta wa kaskazini una kivuli Januari, lakini Juni unachomwa mchana kutwa. Suluhisho langu ni misumari miwili: mmoja kaskazini, mmoja kusini. Mwisho wa Machi unahamishia kihisi kusini, mwisho wa Septemba unakirudisha. Hakina waya, ni kazi ya dakika moja. Kuta za mashariki na magharibi ziacheni, jua la asubuhi na la jioni litawaharibia namba.

Pili, msikibane ukutani. Wekeni kipande cha mbao au bomba kitoke nje, hata sentimita 20 au 30, hewa ipite nyuma. Urefu wa kifua mpaka kichwa unatosha, ila kama kuna watoto au mikono mirefu mtaani, pandeni kidogo. Msikiweke chini kabisa ya mabati, maana mabati yakishika moto kihisi kinapima mabati. Epukeni dirisha la jikoni, bomba la moshi, na sehemu ya kufulia nguo.

Tatu, kijengeeni sanduku la Stevenson la maskini. Visahani vyeupe vya plastiki vitano au sita, vimetobolewa katikati isipokuwa cha juu, vikapangwa kwa skrubu ndefu na nafasi ya vidole viwili kati yake. Kihisi kinaning'inia ndani. Jua halikigusi, upepo unapita.

Nne, jaribuni mawasiliano kabla ya kutoboa ukuta. Wekeni betri kwenye kihisi kwanza, kisha kwenye kioo, vikiwa mezani pamoja, mpaka vijuane. Kama jirani ana kifaa kama hicho, badilisheni chaneli, la sivyo utasoma hewa ya jirani. Halafu mtu mmoja apeleke kihisi pale kinapotakiwa na mwingine abaki na kioo. Mabati na zege lenye vyuma hula mawimbi ya redio, kwa hiyo ile "mita 100" ya kwenye boksi ni ya uwanja mtupu. Mara nyingi kusogeza kioo karibu na dirisha kunatosha.

Tano, na hii ndiyo yangu hasa: nunueni vihisi viwili. Cha pili kitundikeni ndani, usawa wa kitanda, mbali na jiko. Cha nje kinakwambia hewa ya mtaa, cha ndani kinakwambia nyumba inaongeza nini. Andikeni saa nane mchana na saa tatu usiku, kila siku, kwa mwezi mzima. Tarehe, saa, nje, ndani. Daftari la shilingi chache.

Nimeona nguvu ya hiyo daftari. Kwenye ploti moja niliyofunga Embakasi, wapangaji walikuwa wameomba dari kwa muda mrefu, na landilodi jibu lake ni lile lile, kwamba joto ni la Nairobi nzima. Walimpelekea kurasa nne zinazoonyesha mchana baada ya mchana ndani kukiwa moto kuliko nje. Joto la Nairobi nzima haliingii ndani likaongezeka lenyewe. Hajaweka dari kwa vyumba vyote bado, ameanza na vya juu. Lakini ile hoja yake ya zamani hajairudia, na wapangaji wanaendelea kuandika.

Kuna mradi wa TAHMO ambao umekuwa ukifunga vituo vidogo vya hali ya hewa katika shule za Afrika, Kenya ikiwemo, vikituma takwimu kwa mtandao wa simu. Naunga mkono kabisa. Ila shule nyingine itafikiwa lini sijui, na Januari inakuja na jua lake. Kihisi cha kawaida si kituo rasmi, kinaweza kukosea kwa nyuzi moja, na hakuna mahakama itakayokifanya ushahidi mkuu. Kwa tofauti ya ndani na nje, kinatosha: viwekeni vyote viwili pamoja kivulini usiku mmoja, muone vinatofautiana kwa kiasi gani, kisha mkipunguze kwenye hesabu.

Wanaosema hizi ni mambo za watu wa maabara, nawakumbusha kwamba Stevenson alikuwa mtu wa minara ya taa, na aliyeandika ile 58 alikuwa mgeni kazini. Uangalifu ndio uliowatenganisha. Fungeni vizuri, andikeni kila siku, na mkipata mwezi mmoja kamili nitumieni kurasa zenu, mkitaja mtaa na aina ya paa. Nitazipanga zote pamoja nizitoe hapa, majina yenu yasionekane.