Kupogoa Mpaka Shinani

Mwishoni mwa Februari 2022, kabla masika hayajaingia, nilitoka uani nikiwa na msumeno wa mkono, mkasi wa kupogolea na glovu ngumu, nikasimama mbele ya mawaridi manne ya marehemu mke wangu, nikashindwa kuanza. Alifariki mwaka 2019. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuyagusa, na mawaridi yasiyoguswa miaka mitatu katika joto la Bagamoyo si bustani tena, ni kichaka. Matawi yalikuwa yamenizidi kimo, makavu na mabichi yamesokotana, na maua machache yaliyotoka yalikuwa juu kabisa, wanapoyaona ndege tu. Bogenvilia ya pembeni ilikuwa imepanda paa la jiko na kusukuma bati.

Kijana anayenisaidia kazi za nje alikuwa na dawa yake. "Mwalimu, tung'oe lote, tusakafie. Humu watazaliana nyoka." Binti yangu mkubwa, kwa simu, alisema kinyume chake: "Baba, nakuomba usiyaguse mawaridi ya mama." Mmoja hakutaka kibaki kitu, mwingine hakutaka kiondoke kitu. Nilikuwa na hakika kwamba wote wawili wanakosea, lakini hakika hiyo haikunipa nguvu ya kuinua msumeno.

Nilirudi ndani nikasoma. Ndiyo kawaida yetu walimu wa zamani. Kazi ikitushinda mikononi tunaihamishia kichwani.

Waridi lilifika pwani yetu kama maji kabla halijafika kama mti, au ndivyo sisi wengi tulivyolijua kwanza. Tulinyunyiziwa marashi ya mawaridi kutoka kwenye mrashi siku za maulidi na harusi. Huko Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, wakulima huchuma maua hayo alfajiri katika miezi ya Machi hadi Mei, na kuyachemsha ili kukusanya mvuke wake. Hilo ni waridi la Damasko. Huchanua kwa msimu, kisha hupumzika.

Mawaridi yachanuayo mara kwa mara yana historia nyingine, na sehemu moja ya historia hiyo ilitokea jirani yetu baharini, katika kisiwa cha Réunion, ambacho zamani za wafalme wa Ufaransa kiliitwa Bourbon. Wakulima wa huko walizungushia mashamba yao nyua za mawaridi, la Damasko na la China yakipandwa pamoja. (Lugha yetu imeliita ua lile la kunusa na ua lile la kuzuia mbuzi kwa neno moja, nadhani watu wa Bourbon wangetuelewa.) Katika nyua hizo ukazaliwa mche usiofanana na wenzake. Mtaalamu wa mimea aitwaye Bréon, aliyefika kisiwani mwaka 1817, akautambua, na mbegu zake zikapelekwa Ufaransa kwa mtunza bustani Jacques. Ndiyo asili ya mawaridi yaitwayo Bourbon, ambayo yamo katika nasaba ya mengi ya kisasa.

Vitabu vya bustani huishia hapo. Mimi siwezi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka, na visiwa vya Wafaransa vilikuwa na njaa ya watu. Utumwa haukufutwa Réunion mpaka mwaka 1848. Basi mwaka 1817 nyua zile zilikatwa na nani? Haziwezi kuwa zilikatwa na wenye mashamba. Miongoni mwa walioshika mundu, wakichomwa miba, walikuwamo watu wa pwani hii na wa bara yake. Hakuna waridi lililopewa jina la mmoja wao.

Kutoka kisiwa hicho hicho, mwaka 1860, walikuja Unguja wamisionari wakiongozwa na Padre Fava. Shirika la Roho Mtakatifu likaipokea kazi yao, na mwaka 1868 Padre Horner akafungua misheni hapa Bagamoyo. Walileta watoto waliokombolewa kwa fedha katika soko la watumwa la Unguja, na siku ya watoto hao iligawanywa kati ya darasa na jembe. Minazi, miembe, mboga, vyote vilipandwa na mikono midogo. Nikiwa mtoto nilipita chini ya ile safu ya miembe ya misheni nikidhani imeota yenyewe, kwa kuwa ilikuwa mikubwa. Mtoto hafikirii kwamba kivuli kina mpandaji.

Hapo pana jambo ambalo limenisumbua miaka mingi. Nimefanya kazi chini ya Elimu ya Kujitegemea tangu ujana wangu. Waraka ule wa mwaka 1967 niliujua karibu kwa moyo, na nimewashikisha wanachuo majembe bila haya. Naamini bado kwamba mwalimu asiyejua kulima ana upungufu. Lakini mtoto aliyekombolewa sokoni na kukabidhiwa jembe siku hiyo hiyo, tofauti ya jana na leo aliionaje? Nadhani aliiona katika chakula, katika kuitwa kwa jina, katika kulala bila mnyororo. Hayo si madogo. Lakini jembe lilikuwa lile lile.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na Bagamoyo. Majengo ya misheni, yaliyokuwa na miaka minne tu, yaliangushwa, na mashamba yakalazwa chini. Unguja ilipoteza sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na kwa kuwa Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ndiyo iliyokuja kuwa nchi ya karafuu. Misheni walianza upya. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu: watu wale walipoteza kila kitu siku moja wakapanda tena, na mimi naogopa vichaka vinne.

Woga wangu ulikuwa na sababu, nikiri. Mwaka 1983, katika chuo kimoja cha ualimu milimani, niliwapa wanachuo waliochelewa adhabu ya kupunguza ua wa misaipresi. Niliwaambia wakate mpaka ndani, kwenye mbao tupu. Nilidhani kila mti huchipua. Msaipresi hauchipui kutoka mti mkavu usio na majani; ua mzima ulibaki wa kahawia, kila mgeni akiuona kabla hajaniona mimi. Wanachuo walitumikia adhabu ya siku moja, mimi niliitumikia miaka mitatu.

Aliyenifunza kilicho sahihi alikuwa mwalimu mwenzangu wa pale, mzaliwa wa Kilimanjaro. Mibuni ya kwao nayo ina uzazi wake hapa: mapadre wa Bagamoyo walileta kahawa kutoka Réunion, ikafika Kilema, na kwa upande wa Kenya ikapandwa Bura, Taita, mwaka 1893. Aina hiyo nayo huitwa Bourbon. Alinieleza kwamba mbuni ukizeeka, matawi yakawa marefu na matunda haba, mkulima hukata shina kiasi cha sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mkato uwe mshazari ili maji yasitue. Huacha tawi moja lenye majani liendelee kuulisha mzizi. Machipukizi yakijaa huchagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine huyang'oa, na lile tawi la kunyonyeshea huliondoa mwisho. "Ukiyaonea huruma yote," aliniambia, "umerudi ulikotoka."

Nilitoka tena siku ya pili, alfajiri. Nilianza na yaliyokufa, kwa kuwa hayo hayana ubishi. Kisha yaliyosuguana. Kisha, katika kila shina, nilibakiza matawi manne au matano, nikayakata usawa wa goti, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili chipukizi likue kwenda nje na katikati pabaki wazi kwa upepo. Majani yenye madoa meusi tuliyachoma. Bogenvilia sikuibembeleza, huchipua hata kwenye mti mzee, nayo ilishuka kutoka paa la jiko mpaka kiunoni mwangu. Kijana alifurahi sana siku hiyo. Tulipomaliza, uani palionekana kama pamepita kile kimbunga, na sikumpigia binti yangu simu.

Mvua zilipoingia tuliweka samadi na majani makavu. Wiki ya tatu nikaona nukta nyekundu kwenye magome. Mawaridi matatu, yale ambayo mke wangu aliyaleta kwa vikonyo ndani ya gunia bichi tulipohama milimani, yalichipua vizuri, na mwezi wa Juni yalitoa maua ya usawa wa pua yangu. Binti yangu alipokuja alinusa, akanyamaza, akaenda kupika.

La nne lilikuwa la kununuliwa, kwa wauza miche wa kando ya barabara Dar es Salaam. Lilikuwa limebebeshwa juu ya shina jingine, nami sikukumbuka. Sehemu ya juu, ile yenye ua jekundu alilolipenda, ilikufa. Kilichochipua kwa nguvu ni shina la chini, matawi membamba yenye miba midogo mingi, na maua meupe madogo yasiyo na harufu ya kutajika. Kijana ananiuliza kila msimu kama aling'oe. Mwaka huu pia nimemwambia alipalilie.