Mzinga Mtupu: Nyuki, Malkia na Pori la Katanga

Mtu akifungua kitabu cha Ulaya juu ya kazi ya nyuki, atakuta kinarudia-rudia mambo mawili: malkia na baridi. Malkia achunguzwe, apakwe alama ya rangi mgongoni, abadilishwe akizeeka. Kisha nyuki waachiwe asali ya kutosha, kilo 15 ao 20 hivi, ili wavuke miezi ya theluji wakiwa wamekusanyika kama mpira, malkia katikati.

Elimu hiyo haikupatikana kwa siku moja. Aristotle alimwita malkia "mfalme". Ni katika mwaka wa 1586 ndipo Mhispania Luis Méndez de Torres aliandika kwamba ni jike, na kwamba ndiye anataga mayai. Mwaka wa 1792 François Huber wa Geneva, kipofu aliyetumia macho ya mtumishi wake Burnens, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba malkia anakutana na madume nje ya mzinga. Na katika mwaka wa 1851, kule Marekani, Langstroth alitambua kwamba nyuki hawazibi nafasi ndogo isiyofika sentimeta moja. Akaacha nafasi hiyo kuzunguka kadre za mbao, na kadre zikaweza kuinuliwa bila kuvunja sega. Tangu pale binadamu aliweza kumfikia malkia wakati anaotaka.

Wazee wetu wa Katanga hawakumshika malkia. Walifunga mzinga wa ganda juu ya mti, wakaondoka, wakarudi wakati wa maua. Kwa sababu hiyo wengine wanaandika kwamba hawakufuga nyuki, walivuna tu kama mtu anayeokota uyoga. Mimi sikubali. Kwanza tuangalie ni nyuki gani waliyekuwa naye.

Nyuki wa Afrika hana theluji ya kungojea. Njaa ikikaribia, hakai juu ya akiba kama nyuki wa Ulaya: anahama. Na kuhama huko kunapangwa. Malkia anapunguza kutaga, watoto waliobaki ndani ya masega wanamalizika kutoka, asali inaliwa, kisha siku moja kundi zima linaondoka na malkia wao. Unakuta masega yako safi, hakuna kitu. Kama ni moto, siafu ao mvunaji mbaya aliyewafukuza, hapo wanaacha hata watoto. Kwa hiyo mzee akitazama masega yaliyoachwa, anaweza kujua ni njaa ao ni fujo.

Brazil waliijifunza tabia hii vibaya. Mwaka wa 1956 mwalimu Warwick Kerr alipeleka kule malkia kutoka Afrika. Mizinga iliwekewa wavu wenye matundu madogo ya kumzuia malkia asitoke. Mwaka wa 1957 wavu ziliondolewa na makundi 26 yakatoroka. Wajukuu wao wakafika mpaka Marekani. Basi, kumfungia malkia wa nyuki huyu ndani ya sanduku si mchezo.

Sasa njaa yenyewe inakuja wakati gani? Hapa kwetu kuna miezi miwili ao mitatu ya mvua nyingi, kuanzia Desemba, ambapo maua ni machache na nyuki hawatoki vizuri. Kuna pia baridi ya Juni na Julai. Kati ya hizo, pori linatoa chakula mara mbili. Mara ya kwanza ni mwisho wa kiangazi, kuanzia Agosti ao Septemba: muputu na ndugu zake wanatoa majani mekundu na maua kabla hata ya mvua kuanguka, na mupundu vilevile. Mara ya pili ni mwisho wa mvua, wakati mutondo unachanua. Anayejua miti hii anajua kalenda ya asali bila kuangalia karatasi. Mavuno yanakuja Oktoba na Novemba, tena Mei na Juni.

Ndiyo maana mzee hakuwa na mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba. Alikuwa na mingi, imesambaa kwenye mabonde na vilima mbalimbali, na alijua kwamba kila wakati sehemu yake itakuwa mitupu. Mzinga mtupu kwake haukuwa hasara. Ni nyumba inayongojea mgeni. Aliusafisha, akaupaka nta kidogo ndani, akaufunga mahali ambapo maua yatafunguka. Kundi linalohama linaacha mzinga mmoja na pengine kuingia mwingine wa mtu yuleyule. Malkia alijitunza mwenyewe: akifa, nyuki wanachagua mtoto mchanga sana, wanamlisha chakula cha pekee, na baada ya siku karibu 16 tangu yai kutagwa malkia mpya anatoka.

Tusifikiri tena kwamba ilikuwa kazi ya kutafuta utamu wa watoto tu. Watchokwe, kabla ya kuenea upande wa Kasai, Sandoa na Dilolo, walikuwa watu wa nta. Katika karne ya 19 nta yao ilibebwa kichwani mpaka pwani ya Angola, Luanda na Benguela, ikauzwa kwa wazungu pamoja na pembe za ndovu. Kwa mali hiyo walinunua bunduki. Kauchu ilikuja nyuma. Katika miaka ya 1880 bunduki hizo zilifika musumba wa Mwant Yav. Historia ya ufalme wa Lunda ina nta ndani yake, na katika masomo yetu ya shule haisemwi sana.

Kuna lawama moja ya kweli: kila mzinga wa ganda uliua mti mmoja, maana ganda linatolewa kuzunguka shina lote. Pori lilipokuwa kubwa haikuonekana. Siku hizi vijana wanafundishwa kutengeneza masanduku ya mbao, na ni vizuri. Lakini sanduku linalowekwa mahali miti imekatwa linabaki tupu vilevile, na hapo mtupu ni hasara kweli, sababu hakuna mgeni anayekuja. Kuzunguka Lubumbashi muputu na mutondo vimeisha ndani ya magunia ya makala, na wachomaji wanaenda mbali kila mwaka. Kumfundisha kijana kutafuta malkia kwenye kadre bila kumfundisha kutaja mti ni kumpa nusu ya kazi.

Miti hii ikikatwa haifi yote. Visiki vinachipua tena. Kinachoamua ni moto. Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola, walianza mwaka wa 1933 kuchoma vipande vya pori kwa nyakati tofauti. Palipochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, miti iliendelea kukua. Palipochomwa mwisho wa kiangazi, kila mwaka, miti ilipotea na nyasi zikachukua nafasi. Moto wa mwisho wa kiangazi unapita wakati uleule muputu unapotaka kufungua maua.