Kabla Sururu Haijagusa Ardhi ya Mafia

Kisa kinachosimuliwa zaidi visiwani Mafia hupita kwa jina la kisa cha kisasi, lakini ukikisikiliza vizuri ni kisa cha mafundi. Watu wa Kisimani, magharibi mwa kisiwa kikuu, waliunda jahazi kubwa, wakawaalika watu wa Kua, mji uliokuwa kisiwani Juani, waje kulishusha majini. Siku ya shughuli watoto wa Kua wakalazwa mchangani, jahazi likasukumwa juu yao. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, wakachimba chumba chini ya ardhi, wakakipamba kwa ajili ya arusi, wakawaalika wakubwa wa Kisimani. Wageni wakiwa katikati ya karamu, mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa. Hakutoka mtu.

Kama ni kweli au si kweli, hayo ni mabishano ya barazani. La kuzingatia ni kwamba msimulizi hakuona taabu kuamini kwamba fundi wa Kua angeweza kuchimba ukumbi mzima katika ardhi ya mwamba, akaufunika kwa dari la kubeba udongo, na wageni wasishtuke kwamba wamekaa kaburini. Magofu yenyewe yanamtetea fundi huyo. Juani hadi leo ina mabaki ya jumba la watawala, misikiti, makaburi na nyumba za mawe, sehemu kubwa ikiwa kazi ya karne ya 18. Mji ulivunjwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagaska karibu mwaka 1829, na waliosalimika walihamia kisiwa jirani cha Chole. Oscar Baumann, Mwaustria aliyeizunguka Mafia mwaka 1895, alikuta magugu yameshatawala.

Ujenzi wa aina ile ulianzia baharini na porini, muda mrefu kabla ya kufika kiwanjani. Jiwe lilikuwa la namna mbili. La kwanza ni mwamba wa matumbawe ya kale, ambao ndio ardhi yenyewe ya visiwa vya Juani na Jibondo: mgumu, wenye matundu, unaovunjwa kwa mtaimbo na kupangwa ukutani bila kuchongwa sana. La pili ni tumbawe linalotolewa majini likiwa hai. Likiwa bichi hukatika kwa shoka na kuchongeka kwa urahisi, likikauka hugangamala. Hilo ndilo lililotengewa kazi za urembo: mihirabu, miimo ya milango, vidaka vya ukutani. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe. Magogo yalipangwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa, na mawe yaliyoiva yakamwagiwa maji yakageuka unga. Fundi mzuri hakuitumia chokaa siku hiyo hiyo. Aliiacha ilale miezi kadhaa kwanza.

Dari ndilo lililoamua ukubwa wa chumba. Boriti za mikoko zilivushwa kutoka delta ya Rufiji, ng'ambo ya mlango wa bahari, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa upana wa zaidi ya meta tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Hakukuwa na mchoro uliolazimisha hivyo, mti tu. Na serikali ilipokuja, iliushika mti kwanza: Wajerumani waliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898. Tangu hapo, mtu aliyetaka kuezeka nyumba alikuwa na karatasi ya kuomba hata kabla ya kufikiria msingi.

Kupima kiwanja kulifanywa kwa mwili. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima. Fundi alikuwa na kamba ya mnazi, mambo za miti na mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa mikono haifanani, nyumba nzima ilipaswa kupimwa kwa mkono mmoja tangu msingi hadi paa. Msikiti ulidai uangalifu zaidi, kwa sababu ya kibla. Hapa Mafia ina bahati isiyotajwa sana: Makka iko karibu kaskazini kamili yake, maana visiwa hivi na mji ule vinakaribiana mno kwa longitudo. Aliyejua kaskazini ilipo alishajua mihirabu ielekee wapi. Lakini nyota ya kaskazini haionekani Mafia. Kisiwa kiko kusini mwa ikweta, na nyota ile iko chini ya upeo. Kwa hiyo mwelekeo ulipatikana kwa njia nyingine, na katika nchi ya manahodha ujuzi huo haukuwa adimu.

Mafundi wa leo wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, siku ya kuseti nyumba, hutumia hesabu ambayo haikutokana na dhiraa wala haina haja ya nyota. Hupima futi tatu upande mmoja wa kona, nne upande wa pili, na zikitoka tano katikati ya ncha hizo, kona iko sawa. Hufunga kamba kwenye mbao zilizosimamishwa nje ya mtaro ili uchimbaji usizing'oe, kisha wakashusha timazi na kupitisha pima maji. Palipo na mwamba mtaro hauendi mbali. Palipo na mchanga, na sehemu kubwa ya kisiwa kikuu ni mchanga, fundi anayechimba kifupi ili kuokoa mifuko miwili ya simenti ameshauchora ufa wa baadaye.

Na ruhusa? Ilikuwepo kabla ya ofisi. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi kijijini Kanga, kaskazini mwa kisiwa, kuanzia mwaka 1965, alieleza jinsi ardhi ya kujenga ilivyogawanywa kwa vikao, yaani makundi ya ukoo ambayo mtu huyaingia kwa baba au kwa mama. Mnazi ulikuwa wa mtu binafsi, lakini haki ya kuweka nyumba ilitokana na ukoo. Mgeni aliomba kwa wenyewe. Baada ya idhini ya watu ilifuata dua na sadaka, na wapo waliofukia fingo chini ya msingi kuizindika nyumba. Wanaolicheka jambo hilo wakumbuke kwamba nalo lilikuwa na hatua zake, mashahidi wake na gharama zake, na kwamba lililazimisha jirani kujua kinachojengwa kabla hakijajengwa. Vibali vingi vya karatasi havifiki hapo.

Mwaka 1890 Ujerumani iliichukua Mafia pamoja na ukanda wa pwani, sultani wa Zanzibar akilipwa marki milioni nne kwa vyote viwili. Dar es Salaam ilipewa kanuni zake za ujenzi mwaka 1891. Mafia, ofisi ilikuwa Chole, na kuta za majengo ya enzi hiyo bado zimesimama pale, zimebanwa na mizizi. Mwaka 1913 utawala ulihamishiwa Kilindoni, ambako meli zingeweza kukaribia zaidi. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa na kukifanya kituo cha ndege zilizosaidia kuiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji. Chole haikurudishiwa ukubwa wake.

Sheria zilizofuata zilitungwa kwa Tanzania Bara nzima, lakini hakuna mahali zinapogongana kwa wingi kama hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda jengo lolote lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na hata mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani kabla ya mwaka 1940. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo msingi wa kibali cha ujenzi ambacho asiye nacho huweza kukuta ukuta wake umepigwa X nyekundu. Juu ya hizo kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Tumbawe ambalo babu alilikata kwa shoka kwa ajili ya mlango wake, mjukuu ndani ya hifadhi haruhusiwi kuligusa. Ni sawa kabisa: mwamba ule ndio unaovunja mawimbi.

Kanuni inayolalamikiwa zaidi na wenye viwanja vya ufukweni ni ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Huonekana kama umangimeza wa bara. Wanaodhani hivyo waende Ras Kisimani. Neville Chittick, mhifadhi wa kwanza wa Idara ya Mambo ya Kale, alipochimba pale, alikuta bahari imeshameza sehemu kubwa ya mji. Kisimani ya kile kisa, yenye jahazi na wakubwa wake, ilikuwa na misingi ya mawe kama Kua. Mawimbi hayakujali.

Kilindoni inapanuka. Uwanja wa ndege una lami, barabara ya kwenda kijiji cha Utende ina lami, simenti inavushwa, na matofali yanafyatuliwa kando ya nyumba ambazo paa la makuti halijashushwa bado. Mitaro ya misingi inachimbwa mahali ambapo watu wameishi kwa karne nyingi, na sururu ya kibarua inaweza kukutana na kuta na vigae ambavyo Chittick hakuvifikia. Anayekuta kigae cha chungu chenye rangi, shanga, sarafu ya shaba au ukuta wa chokaa chini ya mchanga asifukie wala asiuze. Asimamishe uchimbaji, atoe taarifa ofisi ya kijiji na Halmashauri ya Wilaya. Sheria ya mwaka 1964 inamtaka aliyegundua atoe taarifa, hata kama kiwanja ni chake na kibali anacho mkononi.