Uso mpya wa saa ya Mora usifute wa kale

SAA za Mora, zinazoitwa kwa jina la mji ulio katika jimbo la Dalarna nchini Uswidi, hutambulikana kwa kasha refu la mbao lenye kichwa cha mviringo, kiuno chembamba na tumbo lililotanuka.

Ziliundwa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, hasa katika kijiji cha Östnor. Mashamba hayakutosha kuwalisha wakazi, hivyo familia ziligawana kazi, kila moja ikitengeneza sehemu yake ya mtambo. Mara nyingi mteja alinunua mtambo na uso pekee, kisha seremala wa kwao akamwundia kasha. Mwishoni mwa karne ya 19, saa za bei nafuu kutoka Marekani na Ujerumani ziliididimiza kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, uso ndio hati ya kuzaliwa ya saa. Kwenye bati lililopakwa rangi nyeupe huandikwa jina la fundi au la mji. Herufi A.A.S., kwa mfano, huhusishwa na Krång Anders Andersson wa Östnor (1727-1799). Anayepaka rangi juu ya maandishi hayo hufuta ushahidi usiorudi.

Iwapo uso umechakaa mno, njia ya busara ni kuuhifadhi na kuchora mwingine kwenye bati jipya lenye vipimo na matundu yale yale: la akrabu katikati, na ya ufunguo wa kujazia saa. Uso wa kale usisuguliwe kwa msasa, kwani rangi nyeupe za zamani aghalabu zilikuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu.

Bati jipya hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likiachwa likauke. Kwa bikari, fundi huchora duara na kuligawa mara 12, nyuzi 30 kila sehemu, halafu alama 60 za dakika. Nambari za Kirumi huandikwa kwa rangi nyeusi na brashi nyembamba. Nne huandikwa IIII, kama ilivyo desturi ya saa nyingi. Maua ya pembeni hufuata.

Mwisho, nyuma ya bati huandikwa mwaka wa kazi hiyo, ili mnunuzi wa kesho asiuziwe kipya kwa jina la cha kale.