Frasila Mbili

Nguo kuukuu zinazouzwa kando ya barabara hapa Nchelenge, Wazambia wanaziita salaula. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaziita mitumba, na neno lao ni la zamani sana katika njia hizi. Mtumba ulikuwa furushi la vitambaa lililokazwa kwa kamba, ambalo mpagazi alilibeba begani au kichwani kutoka pwani mpaka kwa wafalme wa bara. Hata kambi ni neno la safari zile: mahali ambapo msafara ulitua mizigo ukalala. Ulilala usiku mmoja, labda mbili. Siyo kama sisi.

Mzigo wa mpagazi kwa kawaida ulikuwa frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Juu ya hizo aliweka mkeka wake, kibuyu chake na chakula chake. Siku hizi vijana wanaozunguka dunia na mfuko mgongoni hujisifu wakifika kilo 10, na wakati wa kufunga mizigo wanabishana kama suruali ya pili ni lazima. Siwacheki. Lakini wao wana kadi ya benki mfukoni. Mpagazi alibeba benki yenyewe kichwani: merikani, yaani kitambaa cheupe kilichotoka Marekani, kaniki nyeusi ya Uhindi, ushanga, na waya. Unga ulinunuliwa kwa mikono ya nguo, na ruhusa ya kupita ililipwa kwa nguo. Ushanga uliopendwa kijiji kimoja ulikataliwa kijiji cha pili, kwa hiyo ilibidi kubeba aina nyingi. Na kila mpagazi uliyemwongeza alikula, kwa hiyo alihitaji nguo za kumlisha, na nguo hizo zilihitaji mtu mwingine wa kuzibeba. Ukianza hesabu hiyo haiishi.

David Livingstone aliingia katika hesabu hiyo mwaka 1866, upande wa mto Ruvuma. Alianza na kundi la watu: askari wa Kihindi, watu wa Nzwani, vijana waliosomeshwa Nasik baada ya kuokolewa utumwani, na wengine kama Chuma na Susi waliomjua tangu safari za nyuma. Alikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda pia. Wanyama wakafa, askari wakarudishwa, watu wa Nzwani wakamkimbia. Alipoliona ziwa letu Mweru, Novemba 1867, alibaki na watu wachache tu.

Ukisoma haraka utasema, haya, sasa mzee anasafiri mwepesi. Hapana. Januari ya mwaka uleule, katika msitu na mvua, mtu aliyepewa sanduku la dawa alibadilishana mzigo na mwenzake, na huyo mwenzake akatoroka nalo. Walitafuta, lakini mvua ilikuwa imefuta nyayo. Kwinini yote ilikuwa ndani. Tangu siku hiyo homa ilimkamata bila kinga, na alijua maana yake. Katika mizigo yote aliyopoteza, ule mdogo ndio uliomgharimu zaidi.

Alifika hivyo hivyo kwa Mwata Kazembe. Mji wakati ule ulikuwa karibu na Mofwe, siyo pale Mwansabombwe ya leo. Huko alimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Mohamad bin Saleh, ambaye alikuwa amezuiliwa kwa miaka mingi. Hakuwa wa kwanza. Pedro João Baptista na Amaro José, wachuuzi waliotoka Angola mwaka 1802, walifika kwa Kazembe mwaka 1806 na hawakuondoka mpaka 1810. Ukipanga mzigo wa safari, nani anapanga miaka minne ya kungojea? Na wenyeji wenyewe ni watu wa kuvuka: kila Julai, kwenye Mutomboko, Walunda wa Mwansabombwe wanakumbuka walivyotoka nchi ya Mwata Yamvo, Kongo ya leo, wakavuka Luapula. Sisi wa Pweto na Moba tukitazama ngoma ile tunaelewa bila mkalimani.

Tulipokimbia mwaka 2017 hakuna aliyepima frasila. Wakati wa kuandikishwa pale Kenani niliona kitu kilekile cha sanduku la dawa: kadi ya mpiga kura haina hata uzito wa yai, lakini aliyeisahau nyumbani alianza kujieleza upya kwenye kila meza. Nawaomba wafanyakazi wa mashirika walikumbuke hili wanapouliza, kwa upole lakini kwa kushangaa, kwa nini mtu alibeba godoro akaacha karatasi. Godoro lilikuwa mbele yake. Karatasi ilikuwa kwenye koti la mume, na mume hakuwepo.

Tena kuna mizito ambayo ilistahili. Mama mmoja jirani yangu alivuka na kichwa cha cherehani, bila meza yake, kimefungwa kwa kikwembe mgongoni pale pangekaa mtoto. Njiani walimwuliza, "Mama, hii chuma utaibeba mupaka wapi?" Akajibu, "Mupaka kwenye nitashona." Leo sare nyingi za watoto wa Mantapala zinapita mikononi mwake.

Ninaowastaajabia zaidi ni Chuma na Susi. Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo, kusini ya Bangweulu, Mei 1873, waliamua kumrudisha pwani. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua siku 14, wakaikunja miguu ili mzigo uwe mfupi, wakaufunga kwa kitambaa, ganda la mti na turubai. Wakavuka Luapula. Baadaye, waliposikia kwamba mbele kuna watu watakaozuia maiti isipite, walitengeneza furushi la uongo, wakatuma watu warudi nalo kama wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe waliufunga upya, kwa umbo la mtumba wa nguo wa kawaida. Hakuna aliyeuliza. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Ila kabla ya kufunga chochote, pale kwa Chitambo, walimwita Jacob Wainwright, kijana wa Nasik aliyejua kuandika. Masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, naye akaandika orodha ya vitu vya marehemu kwenye daftari la marehemu mwenyewe, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba kimoja kimeibwa.

Nami nimeanza orodha ya mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, kwenye daftari la shule la mtoto. Mpaka sasa nimeandika: sufuria 11, bidoni 6, Biblia 3, redio moja isiyo na betri, kichwa cha cherehani, na ufunguo wa nyumba ya Pweto ambayo mwenyewe anasema ilishachomwa.