Chambo Hai na Ndoana Tupu: Historia ya Uvuvi wa Jodari katika Visiwa vya Maldivi

1. Utangulizi

Katika maandishi juu ya uvuvi wa baharini, swali moja hurudi mara kwa mara: je, mvuvi achague chambo hai, yaani kisamaki kilicho kizima, au achague chambo bandia, yaani kitu kisicho na uhai kilichotengenezwa kwa chuma, mfupa, kombe au manyoya ili kumdanganya samaki? Swali hilo huwekwa kana kwamba njia ni mbili tu, na kwamba mwenye kushika moja hana budi kuiacha ya pili.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya jamii moja ya Bahari ya Hindi, yaani wavuvi wa visiwa vya Maldivi. Kwa muda wa karne kadhaa wavuvi hao wametumia chambo hai na chambo bandia pamoja, katika chombo kimoja na kwa saa ileile, kila kimoja kwa kazi yake. Kutokana na mfano huo itadhihirika kwamba jambo lililo zito zaidi katika uchaguzi wa chambo ni mahali chambo hai kinapopatikana, na hali ya mahali hapo.

2. Visiwa na njia za bahari

Maldivi ni mfululizo wa visiwa karibu 1200 vilivyo kusini-magharibi ya Bara Hindi, vikienea kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kaskazini hadi kusini. Vinavyokaliwa na wenyeji ni karibu 200. Vyote ni vya mchanga na matumbawe, navyo vimepangwa kwa duara, maji matulivu yakiwa katikati na bahari kuu nje. Duara kama hilo huitwa atoli, na neno hilo, ambalo leo hutumiwa katika lugha nyingi za dunia, limetoka katika Kidivehi, lugha ya Wamaldivi wenyewe.

Ardhi ya namna hiyo haikuwawezesha wenyeji kulima nafaka ya kutosha. Mchele uliletwa kwa merikebu, nao ulilipiwa kwa mazao ya minazi, kwa kauri na kwa samaki mkavu. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331, alikwenda Maldivi mwaka 1343 na akawa kadhi huko. Aliandika kwamba kauri za visiwa hivyo zilisafirishwa hadi Bengali na Yemeni, na kwamba yeye mwenyewe alikuja kuziona zikitumiwa kama fedha Mali na Gao, kauri 1150 kwa dinari moja ya dhahabu. Msomaji wa Kongo hana haja ya kuelezwa sana thamani ya kauri, kwa kuwa kauri za Bahari ya Hindi ndizo zilizopamba kofia za wakuu wa Bwami kwa Walega.

Lakini Ibn Battuta aliandika pia juu ya samaki. Alimtaja samaki mwenye nyama nyekundu isiyo na mafuta, ambaye alikatwa vipande vinne, akapikwa kidogo, akatiwa katika makanda ya makuti na kutundikwa juu ya moshi mpaka akauke. Samaki huyo alipelekwa Bara Hindi, Uchina na Yemeni. Jina alilolisikia msafiri huyo wataalamu wamelitambua kuwa ni kalhubilamas ya Kidivehi, yaani samaki mwenye mistari tumboni, wa jamii ya jodari, ambaye katika pwani ya Afrika ya Mashariki huitwa sehewa. Kwa hiyo katika karne ya 14 tayari sehewa alikuwa akivuliwa kwa wingi wa kutosha kulisha visiwa na kubaki wa kuuzwa ng'ambo. Jinsi alivyovuliwa, Ibn Battuta hakueleza. Maelezo hayo yalikuja miaka mia mbili na hamsini baadaye.

3. Ushuhuda wa Pyrard

Mwezi wa Julai 1602 merikebu ya Kifaransa iitwayo Corbin ilivunjika juu ya mwamba wa atoli ya Goidhoo. Miongoni mwa waliookoka alikuwamo François Pyrard, mzaliwa wa mji wa Laval. Alizuiliwa visiwani hadi mwaka 1607, akajifunza lugha ya wenyeji, na kitabu chake, ambacho chapa yake ya kwanza ilitoka Paris mwaka 1611, kina hata orodha ya maneno ya Kidivehi. Kwa sababu aliishi na watu na kusema nao, maelezo yake juu ya kazi zao yana uzito.

Pyrard alieleza kwamba wavuvi walitumia ufito wa mwanzi na mshipi mfupi wa pamba. Ndoana yao haikupindwa sana, wala haikuwa na jino la kumzuia samaki asitoke. Haikutiwa chambo chochote, bali ilifanywa nyeupe ili ifanane na kisamaki. Hata hivyo, siku moja kabla ya safari wavuvi walikusanya visamaki vingi kwenye miamba na mafungu, wakaviweka hai ndani ya nyavu za uzi wa makumbi. Walipofika kwenye maji makuu walivitupa visamaki hivyo baharini. Samaki wakubwa wakaja makundi kwa makundi, nao kwa ulafi wakaimeza ndoana nyeupe wakidhani ni kisamaki kingine. Mvuvi aliinua ufito, samaki akaanguka chomboni na kujitoa mwenyewe, na ndoana ikarudi majini papo hapo. Kwa saa tatu au nne chombo kilikaribia kujaa.

Katika maelezo haya mna mgawanyo wa kazi ulio wazi. Chambo hai kilitupwa bila ndoana, na ndoana ilitumiwa bila chambo hai. Mtu aliyeulizwa huko Maldivi ni kipi kati ya viwili hivyo kilicho bora, pengine asingelielewa swali.

4. Sababu za mgawanyo huo

Sababu za utaratibu huu zimo katika tabia ya sehewa. Sehewa huwinda kwa macho na kwa makundi. Akikutana na visamaki vinavyokimbia huku na huku, kundi zima huingia katika msukosuko wa kugombania chakula, na katika hali hiyo hupungukiwa na tahadhari. Kisamaki kilichokufa huzama bila kujitupa-tupa, nacho hakiwezi kulizuia kundi karibu na chombo. Ndiyo maana chambo cha kukusanyia hakina budi kiwe hai, tena chenye nguvu.

Kwa upande wa ndoana mambo ni kinyume. Kundi likishatulia karibu na chombo, huweza kuondoka baada ya dakika chache. Mvuvi anayetunga kisamaki kwenye ndoana kila mara hupoteza muda ambao hautarudi. Ndoana ya chuma iliyong'arishwa haihitaji kutungwa, na kwa kuwa haina jino haihitaji mkono wa kumtoa samaki. Ili udanganyifu ukamilike, zamani wavuvi wawili walikaa tezini wakirusha maji kwa kata. Uso wa bahari ukitibuka, samaki huona kama visamaki vinaruka, wala hawatambui vizuri chombo, ufito wala chuma.

Utaratibu huo uliathiri hata ujenzi wa chombo. Dhoni ya kuvulia sehewa ina chumba cha maji chini yake, na ubao wa chumba hicho una matundu yanayozibwa na kuzibuliwa. Maji ya bahari huingia kwa matundu hayo, na zamani watu waliyakumba bila kupumzika ili yabadilike na visamaki visife. Kwa hiyo mabaharia wa dhoni walikuwa na zamu mbili za kazi kabla ya samaki wa kwanza kupatikana: kuvua chambo alfajiri kwa wavu wa mraba ulioshushwa kwa miti kando ya mwamba, kisha kukilinda kisife njiani.

5. Mfano wa Polinesia

Ili kuuelewa vizuri uchaguzi wa Wamaldivi, yafaa kuulinganisha na wa watu wengine waliomvua samaki yuleyule. Katika visiwa vya Polinesia, kama vile Tahiti, Samoa na Tokelau, wavuvi walimfuata sehewa kwa mitumbwi wakiongozwa na ndege wa baharini. Ndoana yao ilikuwa na mwili wa kombe la chaza wa lulu, ncha ya mfupa au ya gamba la kasa, na kishungi cha manyoya au nyuzi mkiani. Haikutiwa chambo, na chambo hai hakikutupwa. Ustadi wote uliwekwa katika kombe lenyewe: mvuvi alikuwa na ndoana kadhaa za rangi mbalimbali, akachagua mojawapo kufuatana na mwanga wa siku.

Thamani ya ndoana hizo inaonekana katika ushahidi wa chini ya ardhi. Huko Tairua, katika New Zealand, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1960 kipande cha ndoana ya kombe la lulu. Chaza huyo hapatikani katika maji baridi ya nchi hiyo. Hivyo kipande hicho kililetwa kutoka visiwa vya joto na wahamiaji wenyewe. Wajukuu wao, walipokosa kombe la lulu, walitengeneza ndoana za namna hiyo kwa mawe, kwa mifupa na kwa kombe la paua, wakavulia samaki aitwaye kahawai karibu na pwani.

Hapa chambo bandia kilifanya kazi zote mbili. Faida yake ni kwamba mvuvi hakutegemea mwamba wowote wa kumpa visamaki. Hasara yake ni kwamba kundi halikuzuiliwa, na mtumbwi ulilazimika kulikimbilia. Mmaldivi alilizuia kundi, lakini kwa gharama ya kuufunga uvuvi wa bahari kuu na hali ya maji ya kina kifupi yaliyo mlangoni pake.

6. Injini, soko na miamba

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 uvuvi wa Maldivi ulikwenda kwa tanga na kwa makasia, na samaki mkavu aliuzwa hasa Sri Lanka. Soko hilo lilipoanguka kwa sababu ya upungufu wa fedha za kigeni nchini Sri Lanka, makampuni ya nje yalianza kununua samaki mbichi kwa meli za barafu. Mwaka 1974 dhoni za kwanza zilitiwa injini. Chombo kilichokuwa na urefu wa mita 10 hivi kiliweza sasa kwenda mbali na kurudi kwa wakati. Pampu zilichukua mahali pa kata za kurushia maji. Mnamo karne ya 21 zilijengwa dhoni zinazopita mita 25.

Ndoana na ufito havikubadilika sana. Kilichobadilika ni kiasi cha chambo hai. Chombo kikubwa kinachokaa siku kadhaa baharini huhitaji visamaki vingi zaidi, na kwa hiyo wavuvi walianza kuvivua usiku kwa taa kali za umeme, karibu kama wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanavyovuta ndagala kwa taa zao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikua pia uvuvi wa jodari wakubwa kwa mshipi wa mkono, ambao kisamaki hai hutungwa kwenye ndoana yenyewe. Ndivyo hitaji la chambo hai lilivyoongezeka kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa pili, miamba ilipata mashaka. Wenyeji walikuwa wamezoea kuchimba matumbawe kwa ajili ya kujengea nyumba, na ujenzi uliongezeka pamoja na idadi ya watu. Utalii ulianza mwaka 1972, na hoteli zilijengwa juu ya visiwa ambavyo miamba yake ilikuwa malisho ya chambo. Mwenye hoteli alitaka samaki wa kutazamwa na wazamiaji, na mvuvi aliwataka samaki walewale kwa ajili ya dhoni yake. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe mengi ya maji mafupi yakageuka meupe na kufa. Jambo hilo lilirudi mwaka 2016. Baadhi ya visamaki vya chambo huishi katikati ya matawi ya matumbawe, na matawi yakivunjika hukosa maficho.

Ubishi huu una maana kubwa, kwa sababu Maldivi ilikataza kuvua jodari kwa nyavu kubwa za kuzingira, ikashika njia ya ufito. Mwaka 2012 uvuvi wake wa sehewa ulipewa cheti cha kimataifa cha uvuvi usioharibu bahari. Samaki mmoja mmoja huinuliwa kwa ufito, kasa na pomboo hawanaswi. Lakini sifa hiyo yote imesimama juu ya visamaki visivyozidi urefu wa kidole, ambavyo havikuingia katika sifa za soko.

7. Hitimisho

Mwaka wa 1602 na mwaka wa leo, ndoana ya Mmaldivi ni tupu na bahari mbele yake imejaa visamaki hai. Katika mfano wa Polinesia, chambo bandia kilimpa mvuvi uhuru na kikamdai ustadi. Katika mfano wa Maldivi, chambo hai kilimpa mvuvi wingi na kikamdai mwamba ulio mzima. Anayechagua chambo huchagua pia deni atakalolipa.

Ujuzi wa namna hii husafiri na watu. Katika miaka ya 1960 serikali ya Bara Hindi ilipotaka kueneza uvuvi wa sehewa katika visiwa vya Lakshadweep, iliuchukua kutoka Minicoy, kisiwa ambacho watu wake husema lugha moja na Wamaldivi. Visiwa vingine vilijifunza kushika ufito na kutunza chumba cha maji. Kwa vijana wa atoli za leo, walio na injini na taa ambazo babu zao hawakuwa nazo, limebaki somo la kutunza miamba ambayo chambo hutoka. Wakilikosa hilo, ndoana iliyong'arishwa vizuri kuliko zote itaning'inia juu ya maji yasiyo na kundi.