Kukanda

Unga hukandwa, na mwili pia hukandwa. Mama aliyejifungua hukandwa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji moto kikakamuliwa. Mchezaji aliyeteguka kifundo huchuliwa kwa mafuta. Hapa Suna, Migori, hakuna anayeona haya kwa hayo. Ila mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake akisema anataka kukandwa, watu hucheka, kisha humwita shoga, neno ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono kati ya wanaume. Hofu ya kuchekwa na kushtakiwa hukaza shingo na mabega, tena kwa miaka. Mwanamume huyo kitenzi anacho tayari: kukandwa. Wahudumu wa afya wa Migori wampe kitanda, faragha na mikono isiyomhukumu.